Nani kinara wa bloku? Nimejibu maswali yenu

Maswali ya bloku kwenye mpira wa kikapu, yaani kuuzuia kwa mkono mpira ambao mpinzani anaurusha kufunga, yamekuwa mengi na mi hii mada naipenda kuliko hata danki (kuusokomeza mpira ringini kwa mkono), kwa hiyo twende moja moja.

Nani ana bloku nyingi kuliko wote NBA, ligi ya kikapu ya Marekani?
Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, bloku 3,830, kastaafu 2002 na mpaka leo hajafikiwa. Anayemfuata ni Dikembe Mutombo wa Kongo, 3,289. Yaani wawili wa juu kabisa wote wamezaliwa Afrika! Alafu Hakeem kapora mipira zaidi ya 2,000 pia, na hakuna mwingine aliyevuka elfu mbili kotekote, kwa bloku na kwa kupora.

Mbona magwiji wa zamani Bill Russell na Wilt Chamberlain hawamo?
Hili linaniuma kweli. NBA ilianza kuhesabu bloku rasmi msimu wa 1973-74, Russell kashastaafu tangu 1969 na Wilt kacheza mechi yake ya mwisho 1973 hiyohiyo, kapishana na hesabu kwa miezi tu. Na Russell hakuwa mtu wa kuupiga mpira mpaka kwa mashabiki, alikuwa anaugusa kidogo tu unabaki ndani ya uwanja, mwenzake anaudaka, wanakimbia nao kufunga. Kwenye takwimu, zote mbili zinahesabika bloku moja, lakini ukiutoa nje wapinzani wanarudishiwa mpira, sasa hapo umeokoa nini cha maana?

Rekodi ya mechi moja?
17, Elmore Smith wa Lakers, Oktoba 1973 dhidi ya Portland. Kwa wanawake, kwenye ligi yao ya WNBA, ni Brittney Griner, 11, mwaka 2014.

Msimu mmoja je, Wembanyama ataivunja?
Mark Eaton wa Utah Jazz, bloku 456 msimu wa 1984-85, wastani wa 5.56 kila mechi. Wembanyama aliongoza ligi 2023-24 kwa 3.6, na yule dogo nampenda sana ila hapo sioni. Enzi za Eaton mrefu alikuwa anajiegesha chini ya ringi anawasubiri waje, siku hizi kuna sheria ya sekunde tatu ya ulinzi, imeanza 2001-02, huruhusiwi kuganda pale kama humkabi mtu, na tena masenta (wale warefu wa chini ya ringi) wenyewe wanarusha pointi tatu kutoka mbali kwa hiyo lazima uwafuate huko nje.

Eti Manute Bol ana bloku nyingi kuliko pointi?
Kweli kabisa, bloku 2,086, pointi 1,599. Msimu wake wa kwanza tu, 1985-86, alibloku 397.

Mpira ukiwa unashuka nikiupiga ni bloku?
Hapana. Ukishaanza kushuka kwenda ringini hiyo ni goltendingi, pointi wanapewa wao. Wahi ukiwa bado unapanda.

Kile kidole cha Mutombo kilikuwaje?
Akishakubloku anainua kidole cha shahada anakitikisa taratibu kulia kushoto, si hapa kwangu. Ligi ikaja kumkataza kuwafanyia wapinzani usoni, akawa anageukia mashabiki. Ila mi picha yangu ni ya mtoano wa 1994, timu yake Denver walioingia wakiwa wa nane wamewatoa Seattle waliokuwa wa kwanza, yeye kapiga bloku 31 kwenye mechi tano, filimbi ya mwisho inalia na Mutombo kalala chali sakafuni, mpira kaushika kwa mikono miwili juu ya kichwa, anapiga kelele za furaha.