Jibu: Meno na macho yamehamishiwa kiwango cha familia, nimwambie nini mteja?

Ndugu, umesema kampuni ya bima imegeuza kiwango (kikomo cha pesa ambazo bima hulipa) cha meno na macho kwa wafanyakazi wa mteja wako, kampuni ya Nairobi, kutoka cha kila mtu hadi cha familia nzima, eti bei haijapanda. Mwambie imepanda, tena kijanja. Tuseme kila mtu alikuwa na shilingi 20,000 za meno. Familia ya watu watano ilikuwa na 100,000. Sasa wote wanagawana 20,000. Mpigie hesabu hiyo kabla hajatia sahihi.

Halafu soma orodha ya matibabu ambayo mkataba haulipi. Kung'oa, kuziba na matibabu ya mzizi kwa kawaida hulipwa; nyaya za kunyoosha meno mara nyingi hapana. Kusafisha meno ndiko huleta ugomvi, maana mikataba mingine hulipa kwa agizo la daktari tu. Upande wa macho, angalia fremu zinabadilishwa baada ya muda gani, na kama ada ya kupimwa inakatwa kwenye kiwango hicho hicho cha macho.

Meneja wa wafanyakazi akisema watu wake tayari wanakatwa 2.75% ya mshahara kwa ajili ya SHIF, mfuko wa bima ya afya wa serikali, mkumbushe kwamba hayo ni makato ya lazima yaliyochukua nafasi ya yale ya mfuko wa zamani, NHIF, Oktoba 2024. Hayapunguzi wala kuongeza chochote kwenye mkataba huu.

Mimi ningedai bei mbili kwa maandishi: ya familia, na ya kila mtu yenye kiwango kilichopunguzwa kidogo. Hiyo ya pili ningeipigania, hasa kama wengi pale wana watoto.