Maswali ya Wasomaji: Humphrey Kayange na Njia ya Raga hadi Olimpiki

SWALI: Mhariri, mwanangu anacheza raga shuleni na hushikilia kwamba Humphrey Kayange ndiye aliyeuingiza mchezo huo katika Olimpiki. Je, ni kweli? Na iweje awe ndugu yake Collins Injera ilhali majina yao ni tofauti?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Mwanao ana haki ya kumsifu, ingawa kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Mnamo Oktoba 2009 Kayange, nahodha wa Kenya katika raga ya wachezaji saba kila upande, alikwenda Copenhagen katika ujumbe wa shirikisho la raga duniani, pamoja na Jonah Lomu wa New Zealand na Agustín Pichot wa Argentina, kuwashawishi wanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kura 81 ziliunga mkono na 8 zikapinga, na mchezo uliokuwa nje ya Olimpiki tangu Paris 1924 ukarejeshwa kuanzia Rio 2016.

Nafasi hiyo aliistahili. Mwezi Machi mwaka huohuo, huko Dubai, aliiongoza Kenya kuwabwaga mabingwa watetezi, Fiji, katika robo fainali ya Kombe la Dunia, kabla ya kushindwa na Argentina katika nusu fainali. Wengi humkumbuka Injera kwa trai zake, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, lakini naona kwamba mchango wa kaka yake haujathaminiwa vya kutosha. Katika raga ya saba, timu iliyofunga ndiyo inayopiga mpira wa kuanzisha upya, na ikiunyaka yenyewe huendelea kuumiliki. Kwa hiyo mchezaji mrefu kama Kayange, anayeusoma mpira ungali hewani, akaruka kwa wakati wake na kuunyaka juu ya vichwa vya wapinzani, huwaacha wakikimbia bila kuugusa katika kipindi chenye dakika saba tu.

Naam, hao ni ndugu wa damu, na ndugu yao mwingine, Michael Agevi, pia aliichezea Kenya. Katika familia nyingi nchini humo kila mtoto hupewa jina la jamaa wake tofauti.

Mweleze mwanao pia kwamba Kayange alisomea kemia hadi shahada ya uzamili. Rio alifika akiwa na umri wa miaka 34, akacheza chini ya nahodha Andrew Amonde, na mwaka 2021 akawa mwanachama wa kamati ileile aliyosimama mbele yake Copenhagen.