Picha za kundi la chakacha studio

Dadangu, umeuliza kwa nini kina dada wa kundi lako la chakacha wakikaa pozi studio wanatoka kama picha za kitambulisho, na wakicheza wanatoka na ukungu. Acha kuwapanga. Mtu asiyezoea kamera akiambiwa "tulia hapo hapo" mabega humpanda. Weka ngoma, wacheze nyimbo mbili nzima hujapiga hata picha moja, jasho liwatoke kidogo, ndipo uanze.

Ukungu una dawa. Zima taa za chumba ubaki na flashi tu, shata (muda kamera inaopokea mwanga) iwe 1/160 ya sekunde. Kinachogandisha mwendo ni mmweko wa flashi. Kama ni ile ndogo ya kupachika juu ya kamera, ishushe hadi robo ya nguvu au chini, mmweko huwa mfupi zaidi. Kisha pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kufidia.

Sasa kiuno, maana chakacha ni kiuno. Kikifika mwisho wa upande mmoja husita kidogo kabla ya kurudi: bonyeza hapo. Leso aliyojifunga itakuwa bado inarusha pindo, na jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, ukibahatika litasomeka. Mimi humweka shoga yake nyuma yangu wachekeane, macho yanapata uhai kabisa.

Na tafadhali, hii ni ngoma ya wanawake tangu zamani. Muulize kila mmoja kabla hujaitia picha yake mtandaoni. Wengine watataka ya kuweka nyumbani tu, na iwe hivyo.