Tatu, Mbili, Tatu

Minneapolis

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Samahani kwa kukukatia simu Jumanne. Nilikuwa na mgonjwa kitini, mdomo wazi. Uliniuliza, "Mama, leseni ya kusafisha meno ninayo, Jumatatu naanza kazi. Watanitarajia nijue nini?" Swali lenyewe halikutaka jibu la simu, basi nimeketi leo kukuandikia.

Mengi unayajua kunishinda. Ule mpangilio mpya wa ugonjwa wa fizi, wa hatua nne na daraja A hadi C, ulitoka mwaka 2018, nikausoma kwa semina za jioni nikiwa nimeshaota mvi. Wewe umeukuta darasani. Kwa hiyo sikusomeshi. Nakwambia yale ambayo hapana mwalimu atakayesimama nyuma yako kuyakagua.

La kwanza ni kupima kina cha mwanya kati ya jino na fizi, kwa milimita. Kila jino sehemu sita, na mtu mwenye meno 28 ana namba 168 za kuitwa na kuandikwa, huku saa ya ukutani inakukodolea macho. Moja hadi tatu, fizi ni salama. Nne, unaanza kuuliza maswali. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mzee mmoja, mcheshi, meno ya mbele yanang'aa. Siku ile tulikuwa tumechelewa, nikapitisha kipimo juu juu kule nyuma, nikaita tatu, mbili, tatu, kama mtu anayesoma tarehe. Nikarudia hivyo hivyo alipokuja tena. Kisha mwenzangu akanishikia zamu, akapima taratibu, nyuma ya gego la chini akakuta sita, na damu juu. Eksirei ikaonyesha mfupa umeshaliwa. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba yule mzee kila safari alinishukuru, kwa sababu kila safari nilimwambia fizi zake ni nzuri.

Utakutana na uongo wa upande wa pili pia. Kuna mahali utaona jicho la msimamizi likikwambia nne iwe tano, ili bima ilipie usafishaji wa chini ya fizi. Usiandike. Kutamka ugonjwa ni kazi ya daktari; yako ni kupima na kuandika ulichokihisi mkononi, na daktari anaamua kwa kutegemea hizo namba zako.

Mkono wako una egemeo zuri, nilikuona ulipokuja kunisafisha meno kule chuoni. Ila ulikuwa ukibonyeza sana, na anayebonyeza sana mara nyingi ana chombo butu. Kyureti butu, hicho chombo cha kukwangulia, haing'oi ugaga, inaupiga msasa. Unakuwa laini, ukipitisha kipimo huhisi kitu, unadhani umemaliza, na fizi inaendelea kuvimba juu ya jiwe lile lile. Usingoje Ijumaa ndipo unoe. Noa pale pale unapohisi inateleza.

Sasa wagonjwa wetu, maana kwa jina lako na lugha yako watakutafuta. Ukimuuliza mama wa Kiswahili, "Unatumia dawa yoyote?" atakujibu hapana. Kwake dawa ni ya mgonjwa, na yeye haumwi. Muulize, "Asubuhi umemeza nini?" Hapo ndipo itatoka ya presha, ya sukari, na ya kuzuia damu isigande. Kuna mmoja fizi zake zilikuwa zimevimba zikafunika nusu ya meno, kila mtu akimlaumu kwamba hapigi mswaki. Kumbe ni amlodipine, na dawa hiyo ya presha kwa baadhi ya watu hukuza fizi. Daktari wake alipombadilishia, zikapungua. Na presha uipime wewe mwenyewe kabla ya kushika sindano ya ganzi, hata kama ameapa kuwa iko sawa.

Miraa, tambuu, ugoro, uliza pia, lakini usikunje uso, ukikunja hawatakwambia tena. Kisha shika ulimi kwa kipande cha shashi, uvute, utazame pembeni zote mbili na chini yake. Kidonda ambacho hakijapona kwa wiki mbili kinakwenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Na babako. Unajua kwa nini hacheki kwenye picha? Amekulia Nakuru. Maji ya Bonde la Ufa sehemu nyingi yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani, na meno yanayokua na maji hayo hutoka na madoa ya kahawia ndani ya jino lenyewe. Tulipohamia huku, binti mmoja mgeni wa kazi alidhani ni kahawa. Akamkwangua, akamkwangua tena, damu ikatoka, madoa hayakutoka. Babako akakaa miaka minne bila kukanyaga kliniki. Wakija watu wa Nakuru au wa Arusha, uliza kwanza walikunywa maji ya wapi utotoni.

Kuhusu mgongo nilikwambia zamani na hukunisikia. Pandisha na ushushe kiti cha mgonjwa, usijikunje wewe.

Nakutumia jiwe langu la kunolea, lile la kijivu, pamoja na koti zito, maana baridi ya huko kwako Duluth si hii ya kwetu. Babako anasema akija kukuona atakaa kwenye kiti chako. Nipigie Jumatatu usiku, nitakuwa nimeshatoka kazini.

Mamako