Kabla ya Msimu wa Joto, Kagua Mfuniko wa Rejeta

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba gari lake huchemsha kila anapopanda mlima kwenye jua kali, ilhali asubuhi halimsumbui, na kwamba fundi amemshauri anunue rejeta mpya. Namsihi asinunue chochote kwanza.

Gari langu liliwahi kuwa na maradhi hayo hayo. Gereji niliyoiamini ilibadilisha pampu ya maji, ikabadilisha thamostati, kisha ikataka kufungua silinda hedi, na kila nilipouliza nilijibiwa kama mtoto aliyedakia mazungumzo ya wakubwa. Niliondoa gari langu pale, nikausoma mwongozo wake mwenyewe, nikakagua mfuniko wa rejeta na kukuta mpira wake umepasuka. Mfuniko mpya ulimaliza tatizo. Hadi leo hakuna aliyeniomba radhi.

Mfumo wa kupoza injini hufanya kazi chini ya shinikizo. Katika usawa wa bahari maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kulanti (dawa ya kupozea injini) na maji yasiyo na chumvichumvi hustahimili hadi zaidi ya 105, na mfuniko mzima, unaozuia shinikizo la takriban bar 1, hupandisha kiwango hicho kupita 120. Mfuniko ukivuja, akiba hiyo yote hupotea. Anayejaza maji ya bomba peke yake anajidhuru zaidi, kwa sababu hayana dawa ya kuzuia kutu. Ndugu zangu, acheni kukubali kila mnachoambiwa gereji: daini mfuniko upimwe kwa pampu ya shinikizo kabla hamjatoa fedha, na daini mwoneshwe kipuri cha zamani kilichotolewa.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla ya safari, wala usipunguzwe tairi likiwa la moto, maana shinikizo lililoongezeka njiani litashuka lenyewe. Betri nayo huchakazwa na joto kuliko wengi wanavyodhani.

Mshale wa joto ukipanda ukiwa barabarani, zima kiyoyozi, fungulia hita hadi mwisho ijapokuwa utatokwa jasho, kisha egesha mahali salama na uzime injini; mfuniko usiguswe mpaka injini ipoe kabisa, kwa kuwa maji yaliyobanwa humo hufyatuka na kuunguza uso.