Vidonge vya presha havikai kwenye pindo la kanga

Msimu wa korosho uliopita, mama mkwe wangu alishuka kutoka Newala kuja kutusalimia hapa Mikindani, vidonge vyake kavifunga kwenye pindo la kanga. Sikushangaa. Bibi zetu wengi huku kusini ndivyo wanavyotembea, hela na dawa fundo moja. Mchana akajilaza. Mjukuu wake, miaka miwili na ushee, akalifungua fundo.

Tulimkuta ana ungaunga mweupe midomoni. Jirani mmoja anasema maziwa, mwingine kakimbilia dafu, wa tatu keshaandaa kidole amtapishe. Shemeji yangu akakataa katakata, tukaita bajaji. Daktari alimuunga mkono: aliyezidisha dawa hizi anaweza kulegea ghafla, matapishi yakaingia mapafuni.

Aibu ilinikuta mapokezi. Muuguzi anauliza: dawa gani? Miligramu ngapi? Vilikuwa vingapi, vimebaki vingapi, kameza saa ngapi? Mimi najibu, "Za presha." Dawa za presha ni aina kibao, na madhara yake hayafanani! Shemeji ikabidi arudi nyumbani kupekua mkoba wa bibi hadi akapata bahasha ya kaki iliyoandikwa: propranololi.

Hiyo ni ya kundi la bitabloka, pamoja na atenololi na bisoprololi. Kazi yake ni kuutuliza moyo. Ikizidi, moyo unapiga polepole mno, presha inaporomoka, na kwa mtoto sukari nayo hushuka. Propranololi huweza hata kuleta degedege. Ndiyo maana walianza kumtoboa kidole kupima sukari, kisha wakamfunga nyaya za mashine ya moyo. Mkaa wa dawa, ule unga mweusi wa hospitali unaonasa dawa tumboni, husaidia ukiwahi, hasa ndani ya saa moja. Hali ikiwa mbaya kuna dripu, dawa za kuuinua moyo kama atropini, glukagoni na adrenalini, hata insulini nyingi, ile ile inayoshusha sukari, ndiyo maana inakwenda na glukosi. Hiyo ya insulini nilidhani nimesikia vibaya. Wetu hakufika huko, ila tulilala wodini, maana dalili nyingine huchelewa, hasa kwa vidonge vinavyoyeyuka taratibu.

Kumbe kasheshe haijaisha. Bibi, kwa majuto, akaacha dawa kimya kimya. Siku ya tatu moyo unamwenda mbio, kifua kinambana. Tukarudi kulekule. Bitabloka haziachwi ghafla, daktari ndiye anayezipunguza kidogo kidogo. Na ukisahau dozi, usimeze mbili kufidia. Mwenye pumu aseme mapema kabla hajaandikiwa, na mwenye kisukari ajue kwamba zinaweza kuficha yale mapigo ya moyo yanayomwonya sukari imeshuka.

Sasa vidonge vinakaa ndani ya bahasha yake, kwenye kopo la kifuniko kigumu, juu ya kabati. Jina la dawa na miligramu nimeziandika kwenye simu yangu na ya shemeji. Kwenye pindo la kanga zimebaki hela tu, na mjukuu bado analifungua.