Maswali ya Wasomaji: Picha za Zamani za Mawindo

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni mtu mzima wa miaka 68, mzaliwa wa Kibokoni. Nilipokuwa mtoto, marehemu baba alikuwa akinipeleka sinema siku za Idi, na picha nilizozipenda kuliko zote ni zile za mawindo: msururu wa wapagazi, mahema chini ya migunga, simba akichomoza kichakani na stelingi akingoja mpaka dakika ya mwisho ndipo afyatue bunduki. Siku hizi mwanangu amenitafutia picha hizo katika simu, na baada ya sala ya Isha huzitazama, moyo ukanijaa hamu ya zama zile. Lakini mwanangu huyo huyo huniambia kwamba ninawasifu wakoloni na wauaji wa wanyama. Je, ni vibaya kuzipenda? Na yale tuliyokuwa tukiyaona, yalikuwa ya kweli?
Msomaji wa Kibokoni, Mombasa

JIBU: Wa aleikum salaam, mzee wangu. Niruhusu nianze na swali lako la pili, kwa sababu la kwanza haliwezi kujibiwa kabla yake.

Baadhi yalikuwa ya kweli na baadhi yalitungwa, na mtazamaji aliyeketi gizani hakuwa na njia ya kuyatenganisha. Mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo kabisa, na mwanzo wenyewe una uhusiano na mji wetu. Mwezi wa Aprili 1909 Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka madarakani mwezi uliotangulia baada ya kuwa rais wa Marekani, alishuka melini hapa Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, akapanda reli kuelekea bara kuwinda, na katika mizigo yake mlikuwa na tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Kule Chicago, mtengenezaji picha aliyeitwa William Selig hakungoja mtu arudi na picha za safari hiyo. Alimtafuta mwigizaji aliyefanana na Roosevelt, akanunua simba mzee, akawakodi Wamarekani weusi wa mji ule wawe wapagazi, na simba yule akapigwa risasi mumo humo studioni. Picha ilitoka mwaka ule ule wa 1909, na watu wakajaa sinema wakiamini kwamba wanaiona Afrika. Mwaka uliofuata ikatoka picha ya kweli, iliyopigwa na Mwingereza Cherry Kearton, ambaye alikutana na Roosevelt huku huku Afrika Mashariki. Nayo haikupendwa kama ile ya uongo, kwa kuwa haikuwa na simba anayeuawa mbele ya macho ya watu.

Kwa hiyo yule simba uliyemwona akichomoza kichakani, na stelingi akimngojea, alikwisha kutungwa miaka mingi kabla hujazaliwa. Wapo waliokuja baadaye wakaishi porini kweli, mfano Martin Johnson na mkewe Osa, waliokaa Marsabit kuanzia 1924 hadi 1927. Mume alizungusha mkono wa kamera, na mke akasimama kando yake na bunduki, tayari kumwangusha mnyama atakayewajia. Hatari hiyo haikuwa ya kuigiza. Hata hivyo, mnyama katika picha za namna hii mara nyingi alishambulia kwa sababu alisogelewa na kuchokozwa mpaka akaghadhibika, kisha akauawa kwa kosa la kughadhibika.

Sasa niseme jambo linaloniuma kuliko simba wa Chicago. Msafara wa Roosevelt ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na misafara mingi ya aina hiyo iliwategemea watu wa pwani hii kwa unyapara, upishi na ubebaji wa bunduki. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa misafara. Alikuwa akitusimulia jinsi alivyooka mkate ndani ya debe lililofukiwa kwa makaa, mvua ikinyesha, ili wageni waupate ungali moto alfajiri. Alitusimulia pia kuhusu wabeba bunduki, na sauti yake hubadilika alipofika hapo. Mbeba bunduki alisimama nyuma ya bwana wake akiwa ameshika bunduki ya pili iliyojazwa risasi, akamwona simba yule yule, kutoka umbali ule ule, na kazi yake ilikuwa kutokimbia na kutopiga. Mzungu alikuwa na silaha mkononi ya kumtuliza moyo. Mwenzake alikuwa na silaha asiyoruhusiwa kuitumia. Ukizitazama tena picha zako, utaona kwamba mara nyingi mtu huyu ndiye anayeonyeshwa akitupa bunduki na kupanda mti. Kwangu mimi huo ndio uongo mkubwa zaidi wa picha hizi, mkubwa kuliko ule wa studio, kwa sababu umewavunjia heshima watu waliokuwa na jina, nyumba na watoto katika mitaa hii tunayoishi.

Mwanao ana hoja, basi, lakini sidhani ameifikisha mwisho. Uwindaji haukuletwa na wakoloni. Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, waliwinda ndovu katika nyika iliyo nyuma yetu, kuelekea Tsavo, kwa upinde mrefu na mishale iliyopakwa sumu ya mti, kwa ustadi ambao wageni wenyewe waliustaajabia. Walichokileta wakoloni ni leseni. Aliyekuwa na fedha za kuilipia aliitwa mwindaji, na Mwata aliyewinda kama alivyowinda babake aliitwa jangili. Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na katika miaka ya 1956 na 1957 ikafanyika operesheni kali ya kuwakamata wawindaji hao, wengi wakatiwa gerezani. Hakuna picha hata moja kati ya zile tulizoonyeshwa utotoni iliyomfanya Mwata stelingi.

Kuhusu zama zenyewe: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi wa Mei 1977, wakati Tanzania bado inauruhusu kwa leseni. Marufuku yetu hayakuzuia ujangili wa pembe mara moja. Ndovu wa Kenya waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973 walikuwa wamebaki takriban 16,000 ilipofika 1989, mwaka ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe jijini Nairobi. Kila nipitapo Mapembeni, chini ya zile pembe kubwa za bati zinazopigwa picha na kila mgeni, hukumbuka hesabu hiyo.

Je, ni vibaya kuzipenda? Hapana, mzee wangu. Ninavyokusoma, unachokitamani ni mkono wa marehemu baba yako gizani siku ya Idi, na pori ambalo lilikuwa limejaa kweli. Ombi langu ni kwamba usizitazame peke yako. Mwite mwanao akae nawe, na picha inapofika mahali pa msafara, muache kumtazama aliye mbele, mtazame wanaopita nyuma yake na mizigo kichwani. Katika picha zilizopigwa huku kwetu watu hao si waigizaji wa Chicago. Huenda mkasikia mmoja wao akisema neno la Kiswahili ambalo mtengenezaji picha hakulielewa, na ambalo ninyi wawili mtalielewa.

SWALI: Mhariri, kwetu tumebishana. Je, ile picha ya Hatari! ilipigwa Tsavo, na wanyama wake waliuawa?
Msomaji wa Likoni

JIBU: Haikupigwa Tsavo, dada yangu. Ilipigwa Tanganyika, pande za Arusha, chini ya uongozi wa Howard Hawks, stelingi akiwa John Wayne, ikatolewa mwaka 1962. Kisa chake ni cha watu wanaowakamata wanyama wakiwa hai ili wapelekwe katika bustani za wanyama, na vifaru wanaoligonga gari mle ni vifaru wa kweli. Lakini kutouawa kwa risasi si sawa na kutodhurika. Mnyama anayekimbizwa kwa gari kwa muda mrefu huweza kufa kwa kuharibika misuli, hata siku kadhaa baada ya kukamatwa, na ndiyo maana leo madaktari wa wanyama humpiga kifaru mshale wa dawa ya usingizi na kujitahidi kufupisha mbio.